Haibiskasi ya Petali Sita

Wifi yangu ana orodha kichwani: cherehani niliyoitelekeza, kozi ya keki niliyoikimbia, kuku walioishia kwa jirani. "Mkeo hamalizi kitu," humwambia kaka yake, mimi nikiwa papo hapo nakunywa chai. Nilipojiandikisha darasa la kuchora mimea, naye akajiandikisha. Eti anapenda maua. Mwongo mkubwa. Alikuja kushuhudia nikishindwa.

Nikaapa kwamba hili nitalimaliza, liwalo na liwe.

Mwalimu wetu ni mzee mkavu, hacheki. Anapima jani kwa bikari, anahesabu mishipa yake, na wewe uhesabu. Kanuni yake ni moja: chora unachokiona, si unachokijua. Kazi ya mwisho ilikuwa kuchora haibiskasi nyumbani, kwa ukubwa wake halisi. Asiyeileta, cheti hapati.

Balaa la haibiskasi ni kwamba ua lake ni la siku moja. Asubuhi limechanua, jioni limejikunja kama mwavuli. Mimi petali moja inanila saa nzima, na ufutio juu. Jumatatu likanikimbia. Jumanne likanikimbia. Jumatano nikasema, ya nini kufa na tai shingoni? Nikaenda duka la mapambo ya harusi, nikanunua la plastiki. Likakaa mezani siku tatu, adabu tupu. Nikapima, nikahesabu, nikapaka rangi. Mchoro ulipendeza mpaka nikajiogopa.

Jumamosi mwalimu akabandika michoro ukutani. Kwenye wangu akasimama, akavaa miwani, akasogea.

"Mama, petali ngapi hizi?"

"Sita, mwalimu."

"Haibiskasi ina tano. Na huu mstari unaoteremka kwenye kikonyo ni wa nini?"

Wifi akakohoa kwa raha zake. Nikisema nilikosea kuhesabu, basi wiki kumi zote nimekaa pale kama gunia. Nikisema kweli, mimi ni tapeli. Lakini mtu kunidharau macho yangu, hapana, hilo siliwezi.

"Mwalimu, macho yangu ni mazima. Ua ndilo la uongo."

Nilikuwa nalo mkobani, maana asubuhi nililibeba nimalizie vivuli. Nikalibwaga mezani. Mwalimu akalihesabu: sita. Akapitisha ukucha kwenye ule mstari, pale kiwanda kilipounganisha plastiki. Mabega yakaanza kumtikisika. Mzee anacheka!

"Ulichora ulichokiona," akasema. "Ila cheti bado. Kachume la kweli hapo nje. Una muda mpaka saa kumi jioni."

Nikachora kwa hasira, bila ufutio. Petali ya tatu penseli ikavunjika ncha. Kabla sijatukana, mkono ukaniwekea nyingine, imechongwa vizuri. Ulikuwa mkono wa wifi. Sikumtazama, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na nisingempa faida hiyo. Saa tisa ua likaanza kujikunja. Petali ya tano nikaichora hivyo hivyo, imejikunja.

Mwalimu akahesabu, akatia sahihi kwenye cheti. Wifi akauinamia mchoro, akatafuta kosa mpaka akachoka.

"Kaka nitamwambia mimi mwenyewe," akasema.