Sura Nne za Redio

Mwaka jana nilifeli Fasihi ya Kiingereza. Shangazi, aliyenilea, akasema sawa, rudia, lakini mara moja tu; ukianguka tena unakuja kukaa kwenye cherehani na mimi, habari ya chuo cha ualimu tuisahau. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Basi nikarudi darasani, mtu mzima kati ya watoto, nikakuta riwaya mpya na nakala moja tu. Moja! Wanafunzi thelathini na mmoja. Mashine ya kudurufu ya shule ilishakufa zamani. Mwalimu wetu akahangaika huku na kule wiki mbili, mwisho akashika wembe, akakipasua kitabu vipande vinane. Kila kipande akampa mtu mmoja: asome, aje alisimulie darasa zima, kisha vipande vizunguke. Baada ya hapo akaenda likizo ya uzazi. Aliyebaki kutuangalia ni mwalimu wa jiografia, ambaye alikuwa anasahihisha ramani zake nyuma ya darasa na hajui riwaya inaanzia wapi.

Sura nne za mwisho zikamwangukia Redio. Tulimwita hivyo kwa sababu hazimwi. Binti yule anasimulia mpaka unasahau kwenda kula. Riwaya yenyewe ilikuwa ya mama mjane ambaye mwanawe wa pekee amekwenda vitani, na siku Redio alipotufikisha mwisho, kijana akarudi. Alirudi na kiatu kimoja, mama akamtambua kwa kikohozi chake kabla hajafungua mlango. Darasa zima tulilia, mpaka wale wavulana wa nyuma wanaojifanya wagumu.

Tulipomdai kurasa, akasema zililoa mkobani, zimegandana, hazisomeki. Tukamsema kidogo, yakaisha. Mimi nilikuwa nimeandika simulizi lake lote kwenye daftari, nikalikariri kama jina langu.

Siku ya mtihani ikafika. Kwenye riwaya swali lilikuwa moja, la lazima, nusu ya alama zote: kwa nini mama, baada ya kumzika mwanawe, anakataa kuhama nyumba ile? Jadili kwa kurejelea sura za mwisho.

Kumzika? Kumzika nani? Nikaangalia juu ya karatasi, labda nimepewa ya somo lingine. Mbele yangu kichwa kikainuka, kingine, kingine tena. Msimamizi akagonga meza: “Kila mtu na karatasi yake!” Lakini macho yote yalikuwa yanamtafuta Redio. Yeye alikuwa ameinama, anaandika mfululizo.

Ilibaki saa moja. Jamani, saa moja ni ndefu ukiwa huna la kuandika. Niliandika kwamba mama alibaki kwa sababu ya upendo. Upendo gani, ushahidi uko wapi? Nikafuta. Nikaandika kwamba kaburi lilikuwa karibu. Je, kama lilikuwa mbali? Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilimwona shangazi akisogeza kiti cha pili kwenye cherehani, kimya kimya, nikatamani kupiga kelele mle ndani. Nilikabidhi ukurasa na nusu wa uongo mtupu.

Nilimkuta Redio kwenye ngazi za maabara. Nikamkamata ukosi.

“Kurasa ziliharibika, si ndiyo? Ukaona ututungie!”

“Hazikuharibika,” akasema. “Ninazo nyumbani. Nilizisoma zote.”

“Sasa kwa nini, we mwendawazimu?”

“Kaka yangu naye yuko jeshini. Mwaka wa tatu huu, hata barua hatujapata.” Alikuwa haniangalii. “Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusimulia jikoni, mama anasikiliza. Kila siku ananiuliza, yule kijana amefika wapi? Nilipofika pale pa kufa, nikashindwa. Nikamwambia amerudi. Mama alifurahi, wewe! Kesho yake darasani mdomo ukakataa kusema jingine.”

“Na leo? Wewe uliyejua, umeandika nini?”

“Nimeandika amerudi.”

Ningempiga. Haki ya Mungu, mkono ulishanyanyuka. Lakini nikaushusha, nikakaa ngazini, nikamwambia hebu nisimulie basi, ilikuwaje.

Akasimulia. Kijana aliletwa kwenye sanduku, akazikwa asubuhi, watu wakatawanyika. Wiki moja baadaye ikafika barua yake. Ilikuwa imechelewa njiani. Kisha ikafika nyingine. Alikuwa ameandika nyingi kule, na zote zilikuwa bado zinakuja kwa anwani ile, moja moja. Ndugu wakamsihi mama akaishi nao, akawaambia siondoki, mwanangu hajamaliza kuzungumza na mimi.

Lilikuwa jibu kamili, lina kila alama. Alilisimulia vizuri kuliko siku zote, na mimi nikalisikiliza mpaka mwisho huku msimamizi akitupita na bahasha ya karatasi zetu, imeshafungwa kwa lakiri.