Ndege ya Ijumaa

Baba alifariki Jumanne, mwezi wa tatu mwaka 2014, nyumbani kwetu Ileje. Zahanati yetu haina chumba cha kuhifadhi maiti, kwa hiyo wazee walisema mwisho wa kuzika ni Ijumaa saa tisa alasiri. Kwetu udongo wa kwanza hutiwa na mtoto wa kwanza. Huyo ni kaka yangu Andongwisye, rubani wa kampuni moja ya ndege Dar es Salaam.

Tangu Jumanne kampuni ilikuwa imemnyima ruhusa. Alhamisi mchana alinipigia simu.

"Lusungu, kesho alfajiri tunaanza mgomo."

Nililijua jambo hilo. Kwa miezi minne marubani walikuwa wakidai mkataba mpya wenye siku za kupumzika, maana walikuwa wakirusha ndege hata siku tisa mfululizo. Makene alikuwa mwenyekiti wa kamati yao, kaka alikuwa katibu.

"Meneja kaniita," alisema. "Anataka kesho nirushe mimi ndege ya kuja huko, uwanja wa Songwe, halafu nikae nyumbani wiki nzima."

"Si urushe, kaka! Huyu ni baba."

"Nikiirusha, mgomo utavunjika na wenzangu kumi na saba watafukuzwa. Nitapanda basi."

"La leo limeshaondoka. La kesho litakufikisha hapa Jumamosi."

"Najua," alisema, akakata.

Ijumaa tulingoja. Saa nane gari lilipanda kilima, akashuka baba mdogo Enoka, anayefanya kazi Dar. Suti yake haikuwa na hata mkunjo.

"Umekuja na basi gani, baba mdogo?"

"Basi? Na mgongo huu? Leo asubuhi nimekunywa chai Dar, mwanangu. Nimepanda ndege. Kapteni Makene mwenyewe katukaribisha kwenye spika, sauti kama mchungaji!" Akaangaza macho uani. "Na rubani wetu yuko wapi? Au anakuja kwa miguu?"

Saa tisa nilitia udongo mimi.

Kaka alifika Jumamosi asubuhi kwa gari la kutoka Mpemba kwenye barabara kuu, miguu imevimba. Simu yake ilikuwa imezima tangu njiani. Alisimama kaburini kwa muda, kisha akampigia mama magoti.

"Nisamehe, mama. Lakini jana haikuruka ndege hata moja. Safari hii watatusikiliza."

Kaka akamwona Enoka.

"Shikamoo, baba mdogo. Kumbe wewe uliwahi! Ulitoka Dar lini?"

Baba mdogo, mtu wa maneno mengi, alivua miwani akaanza kuifuta.

"Jana," nikasema mimi. "Alikuja na ndege."

"Nani aliirusha?"

"Makene."

Kaka hakuinuka. Alilirudia jina hilo polepole, kisha akauliza tulizika saa ngapi. Nikamwambia.

"Ungewahi, Andongwisye," mama alisema.