M Iliyosimama kwa Kichwa

Miaka arobaini Sikosei alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha chapa, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo alilimeza wiki ya kwanza kazini: aliiangusha M kubwa ya mwandiko wa mapambo, ikavunjika vipande viwili. Haikuwa na mwenzake, na bosi alikuwa mkali kama pilipili. Basi akaichukua W, akaipindua miguu juu, akaendelea kuchapa kadi za mialiko. M ikawa inatoka na mkia angani. Bwana harusi mwenye jina la kuanzia W alishauriwa, kwa upole, atumie jina la utani.

Sasa binti yake alikuwa akizifufua herufi zile kwenye kompyuta. Alikuwa amepata kitabu cha sampuli cha kiwanda kilichozitengeneza, akaichora M upya, mkia chini.

"Baba, mbona M ya kwenye kadi zako mkia uko juu?"

"Wino," Sikosei alijibu haraka. "Wino wa zamani ulikuwa na mambo."

Akashusha pumzi. Siri ilikuwa imezikwa.

Lakini mteja wa kwanza, bibi harusi mwenye haraka zake, aliitazama kadi kwenye kioo cha kompyuta akakunja uso.

"Hii siyo. Kwenye kadi ya harusi ya mama yangu M inacheka. Hii imenuna."

"Ya kweli ndiyo hii, dada. Kitabu hiki hapa."

"Kitabu hakiolewi. Naolewa mimi."

Akachukua mkoba wake. Binti machozi yakamlengalenga: miezi minane ya kazi, na mteja wa kwanza huyo anaondoka. Wanasema mficha uchi hazai. Sikosei alikuwa ameficha na akazaa, na sasa mtoto mwenyewe analia mbele yake. Moyo ukamuuma kuliko aibu.

"Pindua W," alisema.

"Nini?"

"Miguu juu. M niliivunja mimi, nikanyamaza."

Binti akabonyeza mara moja. Mkia ukaenda angani.

"Ndiyo yenyewe!" bibi harusi akapiga makofi.

Siri ya maisha ya Sikosei ilikuwa kazi ya kitufe kimoja.

Binti alicheka huku akijifuta machozi. "Baba, kuna mahali pa kuandika nani kachora kila herufi. Kwenye M nimwandike nani?"

Sikosei alikuwa ameyachapa majina ya mji mzima, na hakuna kazi hata moja iliyowahi kutoka na jina lake. Akavuta kiti.

"Sogea," alisema. "Nitalipanga mwenyewe."

Lilimchukua dakika kumi, kwa kidole kimoja, na bibi harusi mwenye haraka zake alisubiri.