Daftari la Ukurasa wa Tisa

Mtunza nyaraka wa maktaba alimwekea mwalimu wa muziki daftari juu ya mto mdogo wa sponji, akampa penseli moja na karatasi ya masharti. Alikuwa mtu mpole, mwembamba kama rula, na masharti yale aliyasoma kama anayeomba radhi.

"Hairuhusiwi kupiga picha. Hairuhusiwi kunakili noti, hata mstari mmoja. Kuchapisha ndiyo kabisa, usiwaze. Ndivyo alivyotaka aliyelileta."

"Sasa penseli ya nini?"

"Ya kusaini."

Mwalimu akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Daftari lilikuwa la babu yake mzaa mama, mtunzi ambaye nyimbo zake bado ziliimbwa mashuleni. Lakini mwalimu hakufuata sifa za babu. Alikuja kwa ajili ya mama yake, ambaye siku hizi alikuwa amesahau karibu kila kitu, hata mwalimu mwenyewe, bintiye aliyekuwa akimwogesha. Kilichobaki kichwani mwake ni wimbo mmoja. Aliuimba kutwa kwa midomo iliyofumbwa, na kila alipofika katikati alikatika, akatazama huku na huku kama mtu aliyeachwa njiani.

Wimbo ulikuwa ukurasa wa tisa. Mwalimu aliufuata kwa kidole hewani, bila kugusa karatasi, mpaka pale mama anapokatika. Pale noti za sauti ya kwanza zilikoma, na chini yake zikaingia za sauti ya pili, peke yake.

Ndipo akasikia mtu anavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ya mwimbaji, fupi, ya tumboni, ile ya kabla ya neno la kwanza. Ilitoka karibu na bega lake la kushoto. Aligeuka akakuta kiti kitupu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumba kizima.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kila kidole kilipofika pale, pumzi. Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Kaka, na wewe umesikia?"

Mtunza nyaraka, ambaye meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa chumba, hakuinua kichwa. "Mwanzoni nilidhani ni mabomba. Nikaita fundi. Fundi akasema chumba hiki hakina bomba hata moja."

"Ukafanyaje?"

"Nikahamisha meza."

Siku hiyo, labda kwa kukwepa kutazama kile kiti, mwalimu aliyakazia macho maandishi yenyewe. Barua za babu alizijua tangu utoto. Herufi zake zililala kama majani yaliyopigwa na upepo. Hizi zilisimama wima. Akapekua ukurasa hadi ukurasa, nyimbo zote thelathini na moja, na mkono ulikuwa ule ule, wenye masahihisho, wenye noti zilizofutwa na kutafutwa upya. Huyu hakuwa mtu wa kunakili kazi ya mwingine. Huyu ndiye aliyetunga. Pembeni mwa ukurasa wa tisa kulikuwa na maneno madogo: "Mwanangu ashike ya kwanza. Mimi nitaingia hapa."

Bibi yake mzaa mama alifariki mama akiwa na miaka sita. Babu alioa tena kabla mwaka haujaisha, na jina la marehemu halikutajwa tena nyumbani mle. Aliyelipeleka daftari maktaba, pamoja na masharti yake, alikuwa mjomba, mtoto wa huyo mke wa pili.

Mwalimu akaenda kwa mjomba moja kwa moja, roho juu, hata salamu aliitoa nusu.

"Mjomba, unajua zile nyimbo si za babu?"

"Najua."

Alikuwa amejiandaa kubishana. "Kwa hiyo umezifungia ili babu asiaibike?"

"Aibu?" Mzee alijisogeza kitini. "Mpwa wangu, mimi nimekulia nyumba ile. Kila alasiri, kinanda kimefunikwa, hakuna mtu sebuleni, unasikia pumzi. Anavuta, haimbi. Anavuta, haimbi. Mama yangu alikaribia kuchanganyikiwa. Akaniambia, nikifa, lipeleke hilo daftari mahali watu hawaruhusiwi kuimba. Nikafikiri wee, nikaona ni maktaba tu."

"Alikuwa anamngoja mama aanze."

"Mama yako alikatazwa kuimba." Mjomba aliitazama mikono yake. "Alichapwa kwa sababu ya ule wimbo wa ukurasa wa tisa. Mara ngapi, sijui. Aliyekuwa anakimbia kwenda kumsemea kwa mama yangu ni mimi."

Hatimaye mjomba aliomba karatasi, akaandika kuwa anayaondoa masharti yake, akasaini kwa nguvu hadi kalamu ikaitoboa. "Nakili. Chapisha. Ila siku mkiuimba, msiniite."

Jumatatu mwalimu alinakili. Pumzi ilikuja mahali pake, na safari hii hakugeuka. Aliendelea kuchora noti. Mtunza nyaraka aliburuta kiti kutoka kule mwisho, akaja kukaa kando yake bila kuulizwa, akawa anamfunulia kurasa.

Walipomaliza, mtunza nyaraka alitoa kadi mpya ya daftari. "Mtunzi niandike nani?"

Mwalimu hakuwahi kulisikia jina la bibi yake. Akapiga simu nyumbani kwa spika, akamwomba dada wa kazi anayemwangalia mama amwekee simu sikioni.

"Mama, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Mama, ambaye asubuhi ile alimwita bintiye "dada muuguzi", alilitaja jina hilo herufi moja moja, polepole, kama anayeandikisha mtoto shule. Mtunza nyaraka aliandika.

"Yupo hapo?" mama akauliza.

Mwalimu alimtazama mtunza nyaraka. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Yupo, mama."

"Basi mwambie asianze bila mimi," mama akasema, na simu ikakatika.