Kabla Naftali Hajapelekwa Croydon

…na viatu, viatu tu, maana ukilala kifudifudi kwenye kitanda hiki uso unaingia kwenye tundu na dunia yote inabaki sakafu na viatu vya watu, hivi vyeusi vilivyochoka ni vya Profesa, mkuu wa kitivo, mtu mzima na cheo chake lakini visigino vimelika upande mmoja, na hivi vya kahawia vinavyong'aa ni vya Bwana Dhiren wa Harrow, mwenye kampuni, mshirika, leo kila mtu anasema mshirika, mshirika, mpaka neno limenikwama kwenye meno, chuo kinatoa jina na shahada, Bwana Dhiren anatoa jengo na vifaa, na hao wawili watazaa shule ya udaktari, osteopathi, madaktari wa kutibu kwa mikono na kwa dawa pia, na mimi Teresia, nesi wa Barking, mimi ni nani katika harusi hii, mimi ni mgongo, nimelazwa hapa wageni waone jinsi mgongo unavyoshikwa, haya, tulia, pumua, usiikodolee macho hiyo sakafu… usiikodolee, kwa sababu chini ya sakafu hii kuna ghorofa nyingine, na chini ya hiyo kuna chumba cha baridi, na ndani ya chumba hicho yuko mume wangu. "Mikono yangu baridi, auntie?" Leena huyo, aliyekuwa mwanafunzi wa mume wangu Naftali, Kiswahili chake alikipata jikoni kwa nyanya yake aliyezaliwa Kisumu, kinachechemea lakini kinafika, si baridi mwanangu, namwambia, wewe fanya kazi, naye anaweka kiganja chini ya mfupa wa bega langu la kushoto halafu hafanyi kitu, anangoja tu, na wageni nasikia wanaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, wanafikiri amesahau, kumbe ndivyo alivyofundishwa, Naftali alikuwa akiwaambia mgongo ni mtu mwenye haya, huwezi kumvamia nyumbani kwake, piga hodi kwanza ungoje akuitikie, na neno hodi akakataa kulitafsiri, basi nenda leo kwenye kliniki za huko Ealing na Bromley utakuta vijana wa Kiingereza wanapiga hodi kwenye migongo ya watu, mimi huwa nacheka peke yangu. Huwa nacheka. Leo sicheki, leo kidole gumba cha Leena kimeshuka kando ya uti wa mgongo na kimesimama palepale, pale pangu, panapouma tangu nilipomzaa mwanangu Tevin, hakuna mtu anayepajua ila mmoja, na huyo mmoja yuko chini.

"…marehemu mwenzetu, ambaye aliota shule hii kabla yetu sote," anasema Profesa, marehemu, ala, kwa nini kila mara anashusha sauti kwenye hilo neno kana kwamba Naftali atasikia akasirike, na kweli aliiota, siwezi kusema hakuiota, miaka yote waliyomwita fundi wa viungo, miaka yote madaktari wa hospitali walipompita kwenye sherehe na glasi zao wakimtazama shingoni badala ya machoni, alikuwa akirudi nyumbani anavua koti anasema, Teri, siku moja kutakuwa na shule ambapo mtu atajifunza yote mawili, na hakuna atakayeulizwa kama yeye ni daktari kamili au nusu, nami nasema sawa baba, kula ugali unapoa, nilijua mimi kwamba atakufa na shule bado ni maneno? Alipougua aliniketisha, akasema hana jengo la kuwapa, atawapa mwili wake, wanafunzi wajifunzie, akaandikishana nao kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, na akaweka sharti moja tu, kwamba wakae naye mpaka mimi mkewe niseme inatosha, mimi, si Profesa, si sheria, nami nikasema ndiyo kwa sababu mtu anayekufa anakuangalia vile, utasema nini? Ndiyo. Ndiyo ilinitoka kirahisi. Kazi ikabaki kumwambia mama yake, Mama Jerusa, kule Vihiga, kwamba mwanawe haji, hakuna jeneza, hakuna kwenda kumpokea uwanja wa ndege, yuko London anafundisha, Mungu wangu, naye akasema pole pole, "Mama Tevin, hata ng'ombe wa mtu hukatwa mwenyewe akiwepo," akakata simu, na baada ya muda nikasikia kwa wifi zangu kwamba wamezika mgomba. Mgomba! Sisi kwetu Nyeri hatuna mambo ya migomba, nilidhani wananitania, lakini ndiyo desturi yao, mtu akipotea mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa, likalazwa kwenye jeneza, likaliliwa, likazikwa kwa heshima zote ili roho ijue kwao ni wapi, na kanisa lao la Marafiki, hao Wakweka, lote lilikuja, walipiga picha wakanitumia, suti yake ya harusi imelala ndani ya sanduku na ndani ya suti mgomba, na kola imefungwa vizuri, tai kabisa.

Na ni huo mgomba, si kitu kingine, ni huo umeninyima raha tangu Jumapili, nimetoka misa ya Kiswahili nimesimama pale stesheni ya Barking na mfuko wa sukuma wiki, simu inaita, Mama Jerusa, na yeye hapigi ovyo, nikaitika shikamoo mama, hakuitikia, akasema, "Mama Tevin, amechipuka," nikasema nani amechipuka mama, akasema, "Mume wako," kumbe vijana waliotumwa shambani siku ile, kwa uchungu na haraka, badala ya kulikata shina waliling'oa na mizizi yake, wakaifunga mizizi ndani ya shuka ili wazee wasione, sasa mvua imenyesha na kaburini kumetoka jani, kijani, limejikunja kama mkeka, limesimama katikati ya msalaba na maua ya plastiki, na mji mzima hakuna anayethubutu kulikata, watu wanapita mbali, shemeji yangu mkubwa alichukua panga akarudi nalo bila kulitumia, na mama kizee wa watu anaenda kila asubuhi anasimama pale anamwambia jani lile habari za nyumbani… "Amekataa, Mama Tevin. Tumemdanganya na yeye amekataa. Niletee mtoto wangu." Nikasema mama, ni mmea tu, nilisema hivyo, hayo yalikuwa maneno ya Tevin si yangu, mwanangu nilipomweleza alisema mum, it's just a plant, na akarudi kwenye kompyuta yake, mtoto wa kuzaliwa hapa, Kiswahili anasikia chote anajibu unavyojua, lakini usiku huo niliona taa ya chumba chake haizimwi. "Sasa tazameni," anasema Profesa, "Leena hatafuti maumivu, anasikiliza," na viatu vya kahawia vinasogea, Bwana Dhiren ananong'ona kwa mgeni wake kwamba jengo la Croydon liko tayari, ghorofa nne, tramu inapita mlangoni, ukumbi wa anatomia wenye madirisha, na juu ya mlango wa ukumbi herufi za shaba, Ukumbi wa Naftali, na Naftali mwenyewe atahamishiwa humo awe mwalimu wa kwanza wa shule, nikishasema ndiyo tu, wanasubiri ndiyo yangu, ndiyo maana nimealikwa, nikiinuka hapa Profesa ataniuliza mbele ya wote, kwa upole, ameshaniambia asubuhi, na mimi nimekuja nayo, ndiyo yangu, nimeifanyia mazoezi kwenye treni nikitazama mapaa ya watu, ndiyo, kwa heshima, ndiyo, alitaka hivyo mwenyewe… lakini Croydon! Kwani Croydon ndiyo tu iliyobaki? Hawajui hawa, wangejuaje, kwamba tulisimama Croydon kwenye foleni ya uhamiaji asubuhi za baridi na mtoto mgongoni na bahasha kifuani, na siku tulipopewa ruhusa ya kukaa Naftali aligeuka akalitazama lile jengo refu akasema kwa sauti, watu wakasikia, hata nikifa msinirudishe Croydon, tukacheka tukapanda tramu tukacheka tena, alikuwa akitania, au hakutania, utajuaje, mtu akishakufa utani wake wote unageuka kuwa wosia.

"Pumua, auntie," na kidole kinaongeza uzito kidogo, kidogo tu, halafu kinaacha, halafu kinarudi, na hapo moyo unanipasuka, kwa sababu si kwamba mkono huu unafanana na wake, ndio mkono wake, ule mpinduko wa mwisho wa kidole, kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa bila kutaka kuikaza, huo hakufundisha, huo alikuwa nao tu, naujua mimi niliyelala naye, umeingiaje kwa mtoto huyu… Naftali? Uko hapo? Wacha ujinga, Teresia, wewe ni nesi, umeosha maiti wangapi, lakini ngozi yangu yote imesisimka, na ni kama Leena amesikia maana anainama, nywele zake zinanigusa sikio, viatu vyake vyeupe vya raba vinakuja karibu na tundu langu, anasema chini chini Profesa asisikie, "Auntie, asubuhi nilikuwa kwa Mwalimu." Kwa Mwalimu. Chini. Ina maana mikono hii… mikono hii hii, saa chache tu, Yesu, nataka kuruka kutoka kitandani, nataka kumpiga kofi, wewe mtoto, umemshika mume wangu asubuhi na mimi mkewe sijamwona tangu walipomfunika, unakuja na mikono hiyo mgongoni mwangu, na papo hapo nataka asiiondoe, nisamehe Mungu, nataka aibakishe hapo hapo mpaka usiku, yukoje, nataka kumuuliza, amekonda, bado ana kile kidole cha mguu kilichopinda, mnamfunika mkitoka? Lakini yeye ndiye anayesema, msichana wa watu, anayetazamiwa kupewa idara nzima kwenye shule mpya, hana haja ya kusema anachosema, "Auntie, pale hakuna kitu kimebaki kusoma. Yeye amefundisha yote. Sisi tunamweka tu." Halafu ananyooka, sauti ya darasani inarudi, anawaeleza wageni mbavu zinavyofunguka.

Tunamweka tu… tunamweka, na nani anamweka, si Profesa, sharti halikuwa la Profesa, ni langu, neno moja tu lilitakiwa na sikulisema, kila wiki nakuja kujilaza kwenye kitanda hiki, watu wanasema Mama Teresia ana moyo, anawasaidia wanafunzi hata baada ya msiba, moyo gani, nilikuwa nakuja kulala juu ya mume wangu, sakafu mbili kati yetu, uso ukiwa umeelekea kwake, hakuna kitanda kingine London hii kinachoweza kunilaza hivyo, na maadamu yuko hapo mimi si mjane, hapana, mimi ni mke wa mtu aliye kazini, nikiulizwa hospitali mumeo anafanya nini ninajibu anafundisha, nimejibu hivyo, wiki iliyopita nimejibu hivyo, na nikasema kwamba ni matakwa yake, nikamrushia mama yake matakwa yake usoni, wakati yeye alikuwa amemaliza kutaka, alitaka kufundisha na amefundisha, kazi yake iko hapa mgongoni mwangu inapumua, anayetaka sasa ni mimi peke yangu, na Bwana Dhiren na herufi zake za shaba, na kule Vihiga mwanamke wa miaka themanini anapiga magoti mbele ya ndizi, amelia mpaka sauti imekauka, amelilia mti, na mimi niliyekuwa na mtu mwenyewe sijatoa chozi, si hata moja, nilijua nikilia itakuwa kweli. Lo, sasa yanatoka, yanatoka kwa kuanguka moja kwa moja chini maana uso uko kwenye tundu, hayapiti shavuni, yanadondoka sakafuni tap, tap, karibu na kiatu cha Bwana Dhiren, ameona, kiatu kimerudi nyuma nusu hatua, kisha nasikia magoti yake ya kizee yanalia na anainama, Mhindi wa watu na suti yake, ananiuliza kwa Kiswahili cha Kisumu, kumbe naye anakijua, taratibu, "Mama, iko maumivu?" na nasema iko, Bwana Dhiren, iko, ngoja kidogo nimalize, na Leena hajaondoa mikono, amepiga hodi na anangoja, wote wananingoja, watadhani ni mgongo, na nikiinuka hapa sitaweza kuisema ile ndiyo niliyokuja nayo, nitawaambia shule ijengwe, ukumbi waupe jina wanalotaka, wamwite hata mara mia, lakini yeye, inatosha, namtoa, nataka jeneza, nataka uwanja wa ndege na kelele za wifi zangu, nataka waniambie nikae chini kama mjane na waninyoe kichwa changu hiki cha Nyeri kwa wembe wao wa Vihiga, nataka mama yake amfungue amwone, na akisema mmeniletea nini, nitamwambia huyu hapa, mama, nilichelewa, sikuweza kumwacha.