Makofi ya Dakika ya Arobaini na Moja

Beryl Ogden alikaa kiti namba arobaini na moja, mstari wa tano, jukwaa la upande wa kinu cha zamani cha pamba katika uwanja wa mpira wa Calderbeck, kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulijua jina la ukoo la mtu wa kiti namba arobaini na mbili. Alimjua kwa jina la Clem, basi. Alijua kwamba chai yake huitia sukari kupita kiasi, kwamba jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, na kwamba ikifika dakika ya themanini na tano, timu iwe inaongoza au inachapwa, atainuka kuwahi basi namba kumi na tisa, na yeye Beryl itabidi avute magoti ampishe. Anakoishi hakukujua. Namba ya simu hakuwahi kumwomba, naye hakumpa. Ndivyo watu wa Calderbeck walivyo na majirani zao wa uwanjani. Jumamosi unamlilia mtu begani kwa sababu ya penalti, Jumapili ukikutana naye sokoni unaona haya kumsalimia.

Msimu ukiisha, mwezi wa tano, watu huagana kwa neno moja tu: Agosti. Clem alikuwa na mzaha wake ambao hakuuchoka.

"Ukinikosa Agosti, bibie, usihangaike kuniulizia. Ujue nishazikwa."

"Na ukinikosa mimi, lete maua," Beryl humjibu. "Na yasiwe ya bei rahisi, kizee mchoyo wewe."

Walitaniana hivyo, lakini lilikuwa jambo la kweli. Katika jukwaa lile kiti hakiachwi na mtu aliye hai. Watu walikuja na mikongojo, walikuja na mifuko ya mkojo chini ya makoti, mmoja alikuja siku mbili baada ya kumzika mkewe. Mtu akifa, wenzake hutandika skafu ya timu juu ya kiti chake, huweka maua, na siku ya mechi ya kwanza uwanja mzima humpigia makofi kwenye dakika inayolingana na umri wake. Kama umri haujulikani, hutumia namba ya kiti.

Sasa mwaka ule timu ilikuwa imepata mmiliki mpya, tajiri wa viwanda vya rangi, ambaye hata kanuni za mchezo nadhani alielezwa na dereva wake. Huyu bwana alingoja msimu uishe na watu watawanyike, ndipo katikati ya Juni akatangaza bei mpya za tiketi za msimu. Akafuta na punguzo la wazee wa miaka sitini na mitano. Tangu hapo mzee akawa ni mtu aliyetimiza sabini na mitano. Beryl alikuwa na sabini na mitatu. Kwa siku moja akawa kijana, na tiketi yake ikatoka pauni mia mbili na kumi na tano ikaenda mia nne na kumi. Na timu yenyewe, jamani, ni ya daraja la nne, mshambuliaji wake anakosa goli lililo wazi mpaka unadhani amelipwa akose.

Beryl alikuwa amepika katika shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na pensheni ya mpishi wa shule haina mambo mengi ya kupunguza. Gari hakuwa nalo, sigara hakuvuta, likizo alikwenda mara ya mwisho mumewe akiwa hai. Alikaa na lile tangazo mezani wiki mbili. Alipoona tarehe ya mwisho ya kushika kiti chako imebaki kesho, alivaa koti lake akaenda kwenye dirisha la tiketi la klabu.

Dirishani alikuwapo msichana aitwaye Jodie, ambaye Beryl alimlisha viazi na maharage tangu ana miaka mitano. Jodie alimwonyesha kila kilichowezekana. Kulipa kidogo kidogo kulikuwapo, lakini mwisho wake ulikuwa mkubwa kuliko kulipa kwa mkupuo. Kilichobaki ni jukwaa la kusimama, nyuma ya goli, upande wa mfereji, ambako bei haikufika nusu.

"Magoti yako lakini, mama," Jodie alisema.

"Yatasimama. Yamesimama kwenye majiko miaka thelathini." Beryl akainama karibu na dirisha. "Ila nina shida moja, mwanangu. Nataka Clem aambiwe. Wa arobaini na mbili. Nipe tu anwani yake nimwandikie."

Jodie alitazama kioo cha kompyuta yake, akamtazama Beryl, akawa mwekundu. Alisema sheria haimruhusu kutoa habari za mteja, wangemfukuza kazi. Beryl hakumlaumu. Basi msichana akachukua kikaratasi cha njano, akaandika kwa herufi kubwa kwamba Beryl wa arobaini na moja yuko jukwaa la mfereji na ni mzima, akakibandika ukutani. Clem akija kulipia, atampa mkononi.

Beryl alirudi nyumbani akijiambia kwamba mambo yamekwisha vizuri. Hakujua, na Jodie hakuangalia, kwamba Clem alikwisha lipa wiki moja kabla. Na Julai yule tajiri alilifunga dirisha kabisa, tiketi zote zikawa za kununuliwa kwa simu za mkononi, Jodie akaachishwa kazi hata hivyo, na ukuta ukapakwa rangi mpya. Rangi haikuwa tatizo kwake yule.

Agosti ikafika. Beryl aliingia jukwaa la mfereji saa moja kabla ya mpira, apate nafasi kwenye bomba la kuegemea. Alikuja na pai mbili za nyama na viazi kama kawaida yake, moja yake na moja ya Clem. Mkono ulikuwa umefunga mbili bila kumwuliza. Wachezaji walipokuwa wakipasha misuli alilitafuta jukwaa la upande wa kinu kwa macho, mstari wa tano, mpaka akaiona kofia ya kijivu ya Clem. Moyo wake ukafurahi kweli kweli. Akapunga mkono, akapunga na skafu. Lakini kati yao kulikuwa na uwanja mzima, na jicho la Clem tunalijua. Kiti cha pembeni yake kilikuwa na kitu cheupe juu yake, na Beryl akadhani ni mfuko wa mtu.

Mpira ulianza. Ulikuwa mbaya kama ilivyotazamiwa. Kuelekea mapumziko makofi yakaanza upande wa kinu, taratibu, yakazunguka kona, yakafika kwenye jukwaa lake, na watu wote waliomzunguka wakapiga. Beryl naye akapiga. Ni adabu; huulizi kwanza ndipo upige. Alipiga kwa nguvu kwa sababu aliona Clem amesimama na amevua kofia, na Clem havui kofia hata kwenye mvua ya mawe.

"Nani ametutoka?" akamwuliza kijana wa pembeni yake.

"Bibi mmoja wa upande wa kinu, mama. Kiti arobaini na moja. Hata umri hawaujui, wametumia namba ya kiti. Nasikia alikuwa akimletea mzee mwenzake pai."

Mikono ya Beryl iliendelea kupiga makofi mara tatu au nne zaidi, maana haikuwa imesikia bado. Halafu ikaacha. Akatazama ule weupe kwenye kiti chake na sasa akaona vizuri kwamba ni maua. Na yalikuwa mengi, si ya bei rahisi.

Filimbi ya mapumziko ilipolia alikwenda mpaka kwenye kijilango cha chuma kinachotenga majukwaa mawili. Mlinzi alikuwa kijana mwenye koti la kung'aa, hiyo ikiwa kazi yake ya kwanza, akimwogopa kila mtu.

"Nifungulie nipite, mwanangu. Dakika mbili tu."

"Tiketi yako ni ya huku, mama."

"Najua. Kuna mzee kule anadhani nimekufa."

Kijana alimtazama, akatazama huku na huku kama anatafuta wenzake wanaomchezea. Beryl akamweleza tena, polepole, kwamba yale makofi yalikuwa yake yeye. Yule kijana hakuwa mbaya. Alisema pole. Alisema kila mpitaji anaonekana kwenye kamera, na wamekatwa mishahara wenzake wawili kwa sababu ya kijilango hiki hiki, watu wa tiketi rahisi wanajipenyeza kwenye viti. Hata kwenda kumwita huyo mzee hakuweza, maana hakuruhusiwa kuacha lango. Beryl akamwita Clem kwa sauti yake yote ya jikoni, sauti iliyowahi kunyamazisha watoto mia mbili. Lakini upande ule wachezaji wa zamani walikuwa wakitambulishwa kwenye spika, na sauti yake ikamezwa humo.

Basi akapanga kumvizia nje. Dakika ya sabini na nane alitoka kwa mlango wa mfereji, lakini huo hautoki barabarani. Lazima ufuate maji mpaka kwenye daraja, upande ngazi, uzunguke kinu chote. Kijana angetumia dakika saba. Magoti ya Beryl, yaliyokwisha simama kutwa, yalitumia kumi na tano. Alipofika kituoni, basi namba kumi na tisa lilikuwa linapinda kona, na kwenye kioo cha nyuma aliona kofia ya kijivu.

Wiki mbili zilizofuata alifanya alichoweza. Aliandika barua, "Kwa Clem, kiti 42", akaipeleka klabu, haikujibiwa. Alipiga simu, akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akaambiwa na sauti ya mashine kwamba yeye ni mtu muhimu. Alipanda basi namba kumi na tisa mpaka mwisho wa njia na kurudi, akitazama madirisha ya vijiji vinne, na hakuna dirisha lililomwambia kitu. Alijisikia mjinga na alijisikia vibaya, maana alijua ni maneno yake mwenyewe yaliyomfanya yule mzee anunue maua.

Mechi ya nyumbani ya pili akaamua. Kijana wa duka la klabu alimnunulia kwa simu yake tiketi ya siku moja, pauni ishirini na sita, kiti chake mwenyewe. Kilikuwa kitupu, nusu ya mstari ilikuwa tupu tangu bei zipande, na tajiri alikuwa bado anasubiri watu watakaokuja kuvinunua. Alipanda ngazi na pai zake mbili, na Dougie wa mstari wa nyuma, mtu mnene anayeuza mazulia, alipomwona alishika moyo.

"Beryl? Mama, si tulikupigia makofi!"

"Niliyasikia. Clem yuko wapi?"

 Dougie aliketi kwanza, akaondoa skafu kwenye kiti cha Beryl, akaikunja, akaikunjua. Kisha akamweleza. Clem alikuja siku ile ya kwanza peke yake, na mpira wa kwanza ulipopigwa akamwuliza Dougie kama anadhani Beryl aliumwa sana.

"Alisema mwaka huu yeye ndiye alitaka kuacha. Bei imemshinda. Akauza saa yake akalipia. Nikamwuliza, kwa nini ulipe, mzee, na mpira wenyewe huuoni? Akasema, nilijiambia nikiacha, Beryl atakuta kiti kitupu, atadhani nimekufa, atakaa anahuzunika msimu mzima. Sitaki nimfanyie hivyo."

Beryl akazishika pai zake kwa mikono miwili.

"Baada ya ile mechi alinipa kadi yake ya msimu, nimpe ninayemtaka. Amehamia kwa binti yake Jumatatu iliyopita. Kusini huko. Binti alikuwa anamwita miaka mingi, akawa anakataa. Safari hii alisema hapa hapana tena kinachomshika."

"Kusini wapi?"

"Hakusema, mama."

"Jina lake la ukoo?"

Dougie alifungua mdomo, akamgeukia mwenzake wa kulia, mwenzake akamgeukia wa mbele. Swali likazunguka mstari wa nne, wa tano na wa sita, watu waliokaa na Clem miaka ishirini. Mmoja alijua kwamba aliwahi kuwa fundi wa lifti. Mwingine alijua alivyompenda golikipa mmoja wa zamani. Jina la ukoo hakuna aliyelijua.

Mpira ukaanza. Beryl akakaa kiti chake cha pauni ishirini na sita akatazama, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa na mtu wa kumfikia. Alikula pai moja. Ya pili akaiweka juu ya kiti arobaini na mbili, ndani ya karatasi yake. Dougie alitaka kuweka na ile skafu, na Beryl akamshika mkono akamwambia hapana, huyo hajafa. Pai ikapoa. Calderbeck wakafungwa goli la kijinga, wakasawazisha kwa bahati, na mstari mzima ukainuka kushangilia isipokuwa yeye.

Saa ya uwanjani ilipofika dakika ya themanini na tano, Beryl aliyavuta magoti yake kando kumpisha mtu, akayaacha hivyo mpaka filimbi ya mwisho.