Mkwe Aliyetoka Kabla ya Filimbi

Mzee Bwanaheri hakuwa na televisheni. Hakuwa na mke, maana Mwanamkasi alikwisha kutangulia mbele ya haki, wala hakuwa na mtoto wa kiume wa kubishana naye mpira. Hakuwa na meno ya kutafunia muwa, na katika umri wake wote hakuwahi kuiona timu ya taifa ikirudi na Kombe la Afrika. Alichokuwa nacho ni binti mmoja, Mardhiya, na barua ya posa iliyokaa kwake tangu Ijumaa ikisubiri jibu.

Mposaji alikuwa Twalib wa Mlingotini, dereva wa trekta katika mashamba ya miwa huko Makurunge. Mardhiya alimtaka. Bwanaheri naye alikwisha kukusudia kukubali, ila aliona si heshima kujibu haraka, watu wasije wakadhani amemchoka mwanawe.

Jioni ya mechi na Morocco alikwenda kwenye banda la Mikidadi la kuonyeshea mpira, akakaa benchi la nyuma kabisa. Mbele, katika kundi la vijana waliovaa jezi za bluu, akamwona Twalib. Twalib hakumwona. Alikuwa akiimba kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote, na mzee akafurahi moyoni.

Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Watu wakaanza kuamini, na kuamini ndiko kunakotuumiza siku zote. Kipindi cha pili tukafungwa. Banda zima likanyamaza, ila Bwanaheri alisimama akamfokea beki kama aliyekuwa mbele yake.

"Umelala! Umelala, mtoto wa watu wee!"

"Babu, kaa chini, unatuziba," kijana mmoja akasema. "Huko Morocco hawakusikii."

"Mimi naangalia mpira tangu baba yako hajajua kuvaa suruali!"

Watu wakacheka. Twalib aligeuka amwone mwenye sauti ile. Papo hapo akainamisha uso, akawashika wenzake mikono.

"Twendeni, jamani. Hapa hakuna kitu tena."

Wakatoka.

Bwanaheri alibaki. Alibaki mpaka filimbi ya mwisho, bao likiwa lile lile moja, na alikuwa bado ameketi Mikidadi alipoanza kupanga mabenchi. Kufungwa alikuzoea. Lakini mtu kuiacha timu yake wakati mchezo ungali unaendelea, hilo lilimkaa kooni.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, wenzake kwenye baraza ya msikiti walimlaumu refa, wakamlaumu kocha, wakalaumu mpaka nyasi. Yeye akasema, "Mimi namlaumu yule kijana wa Mlingotini. Timu ina dakika tele za kurudisha, yeye kakimbia. Siku akifungwa na maisha, binti yangu atamkuta wapi? Simpi."

Alisema mbele ya watu, na watu wakaitikia.

Saa nne Ausi, mshenga wa upande wa kina Twalib, akapiga hodi kuja kuchukua jibu. Habari ilikwisha kumfikia njiani.

"Umesema nini msikitini, Bwanaheri? Mtoto wa watu alikuona. Ulitaka akae banda moja na mkwewe, anaruka na kupiga mayowe, jasho linamtiririka? Katoka kwa ajili yako."

"Alisema hapa hakuna kitu."

"Ulitaka awaambie wenzake, 'Tutokeni, mkwe wangu yuko nyuma anatukana'? Alikaa nje na redio ya simu mpaka mwisho. Kamuulize Mikidadi. Alimkuta kauegemea ukuta analia."

Mambo haya Bwanaheri aliyajua. Ujanani mwake alikuwa akizunguka mtaa mzima asije akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake. Aliamini kabla Ausi hajamaliza kusema.

"Adhuhuri waambie wenzako ulikosea," Ausi akasema. "Neno moja tu."

"Wanicheke?"

"Watakucheka. Halafu watakula pilau."

Pazia la ndani likafunguka, Mardhiya akatoka bila kuitwa.

"Baba, na mimi nimefungwa na Morocco?"

Alichokiona mzee ni nyuso za barazani, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, wakimsubiri ayameze maneno yake. Jana alifungwa mbele ya watu. Leo tena?

Akavuta karatasi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, alioupata ukubwani katika masomo ya jioni, naye aliujivunia. Aliandika kwa adabu zote: akawasalimu wakubwa kwa wadogo, akawashukuru kwa kuiona nyumba yake, akawaarifu kwamba binti yake bado hajawa tayari.

"Niko tayari," Mardhiya akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akisoma.

Hakugeuka. Aliikunja barua, akaitia katika bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akamkabidhi Ausi kwa mikono miwili.

Ausi hakuaga. Aliitia bahasha katika mfuko wa kanzu, akasimamisha bodaboda iliyokuwa ikipita, akaenda nayo Mlingotini.